Kiti cha Kushoto

Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa tairi la akiba. Nililitoa Jumamosi asubuhi, hata chai sijanywa, nikaliviringisha hadi kwenye kibanda cha mabati ambako nilikuwa nimetundika mizani ya wanunuzi wa ndengu, ile yenye ndoano. Kilo kumi na nne na nusu. Jeki na spana yake zilinipa nne nyingine. Nikaandika kwa chaki kwenye bati, nikasikia raha ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi mingi.

Baba alikuwa ameketi nje ya jikoni, blanketi magotini, ananitazama.

"Na ukipata pancha?" aliuliza.

Nikamwambia uwanja wa mbio hauna misumari, na hata ukipata pancha kule unavutwa. Akasema hakuwa anaulizia uwanja. Alikuwa anaulizia barabara ya kutoka kwetu Kathiani hadi hospitali, Machakos mjini, ambayo mimi na yeye tuliipita kila Jumanne na kila Ijumaa, na ambayo mashimo yake aliyajua moja moja kwa miaka thelathini ya kuendesha lori la mchanga. Nilikuwa nimeshainama kwenye buti natafuta kitu kingine cha kung'oa.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo lote, na afadhali niliseme mapema. Gari lilikuwa moja na kazi zake zilikuwa mbili. Figo za baba zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki alifungwa kwenye mashine kwa saa nne ili damu yake isafishwe, na bila mashine hiyo asingemaliza wiki mbili. Mwenye gari nyumbani nilikuwa mimi. Na gari lenyewe halikuwa la kubebea mgonjwa. Lilikuwa gari dogo la michezo kutoka Japani, milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba ukitaka kuingia lazima kwanza uchuchumae. Nililinunua nikiwa na miaka thelathini na tano, sina mume wala mtoto, na watu wa kanisa letu wakaamua kwamba hilo ndilo jibu la maswali yao yote kunihusu. Jumapili moja kila mwezi nililipeleka kwenye uwanja wa mbio upande wa Athi River, tukashindana na saa, kila mtu na gari lake na wazimu wake.

Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye lori, miguu yangu ikifikia pedali kwa shida. Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu Wakamba nilipewa jina la mama yake. Kwa hiyo hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu, tangu nikiwa kwenye shuka, na jina hilo lilinipa mamlaka ambayo ndugu zangu hawakuwa nayo. Niliweza kumgombeza. Niliweza kumwamrisha ameze dawa, avae sweta, anyamaze, naye akacheka na kutii, kwa sababu nani anabishana na mama yake? Katika ugonjwa wake niliyatumia mamlaka hayo vibaya. Niliamrisha sana na kuuliza kidogo.

Nilikuwa nauzunguka uwanja ule kwa dakika moja na sekunde thelathini na sita. Nilitaka nifike thelathini. Msiniulize kwa nini thelathini. Mtu akiwa na jambo kubwa asiloweza kulifanyia lolote, hutafuta dogo analoliweza, akalishikilia kwa meno. Fundi wangu mjini, mtu mnene asiyecheka, aliliendesha gari hadi kwenye mzunguko na kurudi, akasema injini haina kosa lolote.

"Wewe umebeba nyumba," alisema. "Punguza uzito. Ikiwa nyepesi inasimama haraka, inakata kona haraka, inatoka haraka. Nguvu utaongeza baadaye."

Nikarudi nyumbani nimeshikwa. Nilipomaliza buti nikatoa kiti cha nyuma, ambacho hata mbuzi asingetoshea, kisha zulia, redio na spika zake, na vifuniko vya ndani vya milango. Mfumo wa kupoza hewa niliutoa kwa siku mbili, na vidonda vya vidole vikanikaa mwezi mzima. Duka langu la mbegu na dawa za mifugo nilikuwa nalifungua saa tatu badala ya saa mbili, na wateja wakawa wananikuta nimekaa nyuma ya kaunta nikipekua simu, nikitazama Wajapani wakitoboa matundu kwenye vyuma vya pedali. Mzee mmoja alikuja kuuliza dawa ya kupe nikamwuzia ya minyoo. Alirudi siku ya pili akaniambia ng'ombe wake wananisalimia.

Lakini mshindani wangu wa kweli alikuwa baba. Mgonjwa wa figo hakojoi. Maji anayokunywa hubaki mwilini, yakamvimbisha miguu na kumbana kifua. Kwa hiyo kila mara nesi alimpima akiingia, akampima akitoka, na tofauti ndiyo maji ambayo mashine ilikuwa imemtoa. Tukiwa njiani kurudi, amechoka, kichwa kimeegemea kioo, aliniuliza bila kufungua macho.

"Leo wamenitoa mbili na nusu. Wewe?"

Nikamwambia nimetoa kilo moja na kidogo, mota za vioo. Akaguna kwa kuridhika. Wiki nyingine nilimshinda kwa mbali, nilipotoa bomba la nyuma la eksozi na kuweka jingine fupi, naye akasema huo ni wizi, bomba halihesabiki. Tulicheka mpaka akashikwa na mkakamao wa mguu nikalazimika kusimama kando ya barabara kumsugua. Huo ndio uliokuwa mzaha wetu kwa karibu mwaka mzima. Ulitusaidia kuzungumza juu ya mashine bila kuizungumzia, na wakati ule niliona tumefanya akili.

Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa naye kule ndani. Chumba cha mashine kilikuwa na viti vya jamaa, vya plastiki, vimepangwa ukutani, na wake kwa waume walikaa hapo saa nne wakisuka, wakisoma Biblia, wakisinzia mdomo wazi. Mimi dakika ya kumi miguu ilianza kucheza. Dakika ya ishirini nilikuwa nimeshatoka hadi kwenye maegesho, nimefungua boneti, spana mkononi. Nilijiambia natumia wakati vizuri. Nilikuwa natoroka. Niliiogopa ile rangi nyekundu inayozunguka kwenye mipira ya plastiki, niliogopa jinsi baba alivyokuwa mdogo chini ya shuka lile, na kila nilipoogopa niling'oa kitu.

Kazi iliyonishinda kwa muda ilikuwa lami. Chini ya zulia, watengenezaji hubandika mikeka ya lami kwenye sakafu ya gari ili kuzuia kelele, na imeshika kweli kweli. Niliichokoa kwa patasi wiki nzima nikatoa vipande vya ukubwa wa kucha. Fundi akaniambia niigandishe. Ikipata baridi kali inapasuka. Nikaenda kwa muuza vinywaji mjini, nikanunua magunia mawili ya barafu, nikayakimbiza Kathiani kabla hayajayeyuka, nikaimwaga ile barafu kwenye sakafu pamoja na chumvi ya ng'ombe kutoka dukani kwangu. Nusu saa baadaye nikaigonga lami kwa nyundo, ikavunjika vipande vikubwa. Nilikaribia kuimba.

Baba alikuwa amesogeza kiti chake hadi kwenye mlango wa kibanda. Alikuwa anaitazama barafu. Kwa siku aliruhusiwa vikombe viwili vya maji, pamoja na chai na mchuzi, na kiu yake ilikuwa kitu ambacho hatukukitaja mbele yake.

"Nipe kidogo nimumunye," alisema.

Nikampa kipande kimoja, cha ukubwa wa kidole gumba. Akakifumba mdomoni, akafumba na macho. Kilipokwisha akanyoosha mkono, nami nikatikisa kichwa. Nilimwambia, kwa sauti ile ya mama yake, kwamba Jumanne nesi atatugombeza. Akaurudisha mkono chini ya blanketi. Mimi nikarudi kwenye magunia mawili ya barafu yaliyokuwa yanayeyukia kwenye sakafu ya gari. Nilitoa kilo tisa za lami siku hiyo, na nikaziandika kwa herufi kubwa.

Baada ya hapo kusafiri ndani ya gari lile kukawa adhabu. Kila kokoto iliyoruka ilisikika kama imekupiga wewe mwenyewe. Joto la injini lilipanda miguuni. Tulipopita kwenye soko la Kathiani watu walinyamaza, si kwa heshima. Mama alisema wazi, mbele ya wageni, kwamba nambeba mume wake kwenye debe. Alisema kama nimechoka kumpeleka hospitali niseme, wako watu wenye magari yenye sakafu. Nilikasirika, nikamjibu vibaya, na nilikasirika zaidi kwa sababu sikujua kama alikuwa amekosea. Baba alinitetea. Alisema sasa ndiyo anaisikia barabara vizuri, kama zamani kwenye lori. Alitafuta gunia kuukuu la mahindi, akalikunja mara nne, akawa analiweka chini ya miguu yake kila safari na kuondoka nalo tukifika, ili, alisema, lisihesabiwe kwenye uzito wangu.

Kikabaki kiti cha kushoto. Changu nilikuwa nimeshakibadilisha, nimeweka cha mbio, chepesi, kigumu kama benchi la shule. Cha abiria kilikuwa kile kile kilichokuja na gari kutoka Japani, kipana, chenye reli na springi na vyuma visivyo na idadi. Fundi alikitikisa kwa mkono mmoja akakisia uzito wake.

"Hizi ni kilo ishirini na kitu za mtu ambaye hayuko," alisema.

Nikamjibu kwa ukali kwamba mtu huyo yuko, ni baba yangu, na Jumanne ataketi hapo. Akaniangalia akashangaa, kwa sababu hakuwa amesema neno baya. Akanieleza kwa upole kwamba kiti kinashikwa na boliti nne tu. Natoa Jumamosi, narudisha Jumatatu, mgonjwa hatajua. Na ilikuwa kweli. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Nilienda mara tatu uwanjani nikiwa na kiti kile tupu pembeni yangu, nikapata thelathini na tatu, thelathini na mbili, thelathini na mbili tena, na mara zote nilikataa kukigusa. Niliogopa kuliona gari bila kiti hicho. Hasa niliogopa kwamba nitalipenda.

Ijumaa moja baba alitoka kwenye mashine akiwa kimya. Nilimuuliza wamemtoa ngapi, akasema hakuangalia. Hiyo haikuwa kawaida yake, lakini nilikuwa na habari zangu: nilikuwa nimeshinda pale maegesho nikatoa waipa ya nyuma pamoja na mota yake, na nilitaka kumsimulia jinsi skrubu moja ilivyonisumbua. Nikasimulia kutoka hospitalini mpaka nyumbani. Alisikiliza kila neno, akauliza na maswali.

Siku iliyofuata, Jumamosi, nilifunga duka saa saba, nikafika nyumbani nikamkuta kwenye kibanda. Alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa kushoto wa gari langu, spana mkononi, anahema. Boliti tatu zilikuwa tayari zimepangwa juu ya gunia lake, kwa mstari, kama alivyozipanga maisha yake yote. Ya nne ilikuwa imeshika kutu.

"Hii imenishinda," alisema. "Njoo na nguvu zako."

Nilimgombeza kwanza, kwa mazoea, nikamwambia mtu wa mashine hapigi magoti kwenye saruji. Kisha nikaizungusha ile boliti ikalia ikaachia. Tukakitoa kiti pamoja, yeye upande wa mgongo na mimi upande wa reli, tukakipumzisha njiani mara mbili, tukakitundika. Kilo ishirini na mbili. Akaomba chaki akaandika mwenyewe, chini ya orodha yangu, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto.

"Kesho enda ukiwa mwepesi, mwaitu," alisema.

Nyumbani kwetu hatukumbatiani. Baba hakuwahi kuniambia ananipenda, wala kwamba mchezo wangu ni mzuri au mbaya. Watu wa kazi yake wakikubaliana na jambo huchukua spana, na ndivyo nilivyomwelewa. Nilidhani amenipa ruhusa niliyokuwa nimeshindwa kujipa. Moyo ulinijaa mpaka nikaona haya, nikamwambia asante. Nikasema tena, "Asante, Baba," na nikamwahidi kwamba Jumatatu jioni nitakirudisha kabla hajakula. Akasema hiyo ya Jumatatu tuiachie Jumatatu.

Jumapili niliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikuwa anapiga pasi gauni la kanisa. Kwa kawaida siku zangu za uwanja hakunisemesha kabisa, lakini siku hiyo alinifuata hadi mlangoni akaniita, nami nikageuka. Akakaa kidogo akasema nisisahau kula. Nilidhani na yeye ameanza kunizoea.

Sijui nitaelezaje lile gari siku hiyo. Lilikuwa jepesi kweli. Kona ya kwanza nilichelewa kukanyaga breki makusudi, nikakanyaga mahali ambapo mwezi uliopita ningetoka nje ya lami, na likasimama, likageuka, likaondoka. Nyuma palikuwa pepesi mno. Palitaka kunipita kila mara, nikawa naendesha kwa makalio na vidole, nalisikiliza kila wakati kama mtoto anayejifunza kutembea. Kushoto kwangu palikuwa wazi. Niliona sakafu, niliona rangi ya bati, niliona moja kwa moja hadi kwenye mlango. Nililipenda. Nilikuwa nimeogopa hivyo na ndivyo ilivyokuwa. Saa zikapita sijamkumbuka nesi, sijakumbuka vikombe viwili vya maji, sijaangalia simu kuona kama Mama amepiga. Tangu baba augue sikuwa nimepata siku kama hiyo. Mchana, mzunguko wa pili kabla ya kupumzisha matairi, nikapata dakika moja na sekunde ishirini na tisa. Nilipiga kelele ndani ya helmeti peke yangu mpaka kioo chake kikaingia ukungu.

Nilifika nyumbani saa kumi. Mama alikuwa amekiweka kile kiti cha gari barazani, amekiegemeza ukutani, na baba alikuwa amekikalia, miguu mbele, anastarehe. Aliniuliza kabla sijazima injini. Nikamwambia. Akapiga paja lake kwa kiganja. Akataka kujua breki nilishika wapi, nyuma ilipoteleza nilifanya nini, gia gani kwenye kona ndefu. Nilimweleza nimesimama, mikono hewani, na alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipokuwa tunashindana kwa kilo.

Halafu nikasema ngoja nichukue zile boliti nikirudishe kiti leo leo, kesho nipumzike, Jumanne si mbali.

Baba alimtazama Mama, Mama akaangalia mikono yake.

"Mwambie," Mama alisema. "Ama nitamwambia mimi."

Baba alinieleza taratibu, bila kuyumba. Ijumaa daktari alikuwa amemwambia kwamba mpira wa shingoni, ule wa kumuunganisha na mashine, umeanza kuziba, ni wa tatu kuziba, na wanatafuta mshipa mwingine wa kuwekea mpya. Alikuwa amewaambia basi. Inatosha. Walimweleza maana yake, akawaambia anaijua. Walitaka kumwita binti yake aliye nje, akawaambia wamwache, ana shughuli. Akaweka sahihi. Mama aliambiwa na yeye jioni ile ile, akaapishwa asiseme mpaka nitoke uwanjani.

Nilijua saa hiyo nilikuwa wapi. Nilikuwa mita hamsini kutoka kitandani kwake, naing'oa waipa.

Nilimpigia baba kelele. Nilisema maneno mengi na sitayaandika yote. Nilimwambia amenidanganya. Nilimwambia mimi ndiye mwaitu wake, na namwamuru Jumanne aende, atawekwa mpira mwingine hata kama ni wa mguuni. Alinisubiri nimalize.

"Mwaitu," alisema, "lori ikikataa kilima, nani anashuka kwanza?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeliona mara mia nikiwa mdogo: lori limejaa mchanga, linatetemeka katikati ya mwinuko, na kabla hata koleo moja la mchanga halijamwagwa, watu wote waliopanda juu wanaruka chini na kupanda kwa miguu. Hakuna anayebembelezwa. Akajijibu mwenyewe.

"Abiria. Na hakasiriki."

Nikamwambia yeye si abiria, na kwamba sitaki gari jepesi, sitaki sekunde ishirini na tisa, namtaka yeye. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwambia. Akaitikia kwa kichwa polepole kuonyesha amesikia.

"Nimechoka," alisema. "Sina hasira na mtu. Nimechoka tu."

Nikamwinua kutoka kwenye kile kiti, nikampa cha plastiki, nikakiburuta kiti cha gari hadi kibandani na kuanza kukifunga. Nilikuwa nalia, machozi yananizuia kuona. Boliti ya tatu niliiingiza vibaya, ikaanza kula nyuzi, na kutoka barazani, mbali kama mtu anavyoweza kurusha jiwe, akasikia.

"Hiyo imeenda kombo. Irudishe nyuma."

Nikairudisha nyuma. Ikaingia sawa.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeketi garini, injini inanguruma, mlango wa kushoto umefunguliwa. Niliona pazia la chumba chao likisogea. Akatoka akiwa amevaa lile shati lake la safari, na kwa muda nikadhani nimeshinda. Alikuja akishika ukuta, akashika mlango, akainama kwa shida mpaka tukatazamana.

"Zima, mwaitu," alisema. "Unaunguza petroli bure."

Nilikaa na mikono kwenye usukani sijui kwa muda gani. Yeye hakuondoka, ingawa kusimama kulimuumiza. Mwishowe nikazima.

Aliishi siku nane baada ya Jumanne hiyo. Daktari alitupa dawa za kumtuliza na maelekezo ya kumtunza nyumbani. Nilifunga duka. Ndugu zangu walikuja kutoka Nairobi na Ndithini, wakakaa, wakaimba na watu wa kanisa, na nilishangaa kwamba miguu yangu ilikuwa imetulia. Barafu nilimnunulia gunia zima. Nilimpa kipande baada ya kipande, bila kuvihesabu, na alimumunya akinitazama kwa ujanja kama mtu aliyefanikiwa kuvuka mpaka. Alilala sana. Akiamka alikuwa mzima wa akili kwa nusu saa, wakati mwingine saa nzima, na nilijifunza kuzingoja nusu saa hizo bila kushika kitu chochote mkononi.

Siku ya tano, Mama akiwa ameenda kuoga, nilimwambia lililokuwa linanila. Nilimwambia kwamba ile Jumamosi alikuwa ananiaga, na mimi nikamwambia asante. Mara mbili. Nikaenda zangu kukimbia na gari nikifurahi, siku nzima, sikumkumbuka hata dakika moja, na sijui nitaishi vipi nikijua hivyo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kabla sijaondoka.

Alifumba macho nikadhani amelala tena.

"Ningekuambia, haungeenda," alisema. "Na nilitaka uende siku moja bila mimi, nikiwa bado niko hapa wa kukuuliza ilikuwaje."

Akasogeza mkono wake juu ya blanketi mpaka ukagusa wangu, akauacha hapo.

"Haya. Hiyo kona ndefu," alisema. "Uliingia na gia gani?"

Nikavuta kiti karibu, nikamweleza tena, kona moja moja, kuanzia mwanzo.